Lehemu imepanda, na maharage yananijaza gesi: nile nini?

Mama Tatu: Wakuu, habari zenu. Vipimo vimeonyesha lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) iko juu. Daktari kasema nipunguze mafuta, niongeze nyuzinyuzi: maharage, dengu, nafaka zisizokobolewa. Sawa, ila utumbo wangu unachokozeka upesi. Nikila maharage na kabichi mchana, jioni tumbo limevimba kama ngoma, kifungo cha sketi hakifungi. Nikirudi kwenye wali mweupe na mkate laini tumbo linatulia, lakini moyo je? Wenye hali hii mnakulaje?

Msafiri62: Pole sana dada. Mimi naishi na hali hiyohiyo. Jambo la kwanza, nyuzinyuzi si za aina moja. Za pumba za ngano zinachokoza sana matumbo kama yetu, na kwa LDL hazisaidii sana. Zinazosaidia ni zile zinazoyeyuka zikawa utelezi, za oti na shayiri. Utelezi ule unanasa nyongo utumbuni na kutoka nayo chooni. Ini likitaka kutengeneza nyingine, linachota lehemu kwenye damu. Kiasi kinachotajwa ni gramu 3 za betaglukani (ndizo hizo nyuzinyuzi za utelezi) kwa siku, yaani kama gramu 75 za oti kavu. Tafadhali usianzie hapo! Anza na vijiko viwili vya uji, kaa navyo siku kadhaa, tumbo likikubali ongeza.

Maharage usiyaage. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa maji mengine mpaka yaive kabisa, na hayo nayo yamwage. Sukari zinazoleta gesi nyingi zinaondoka na maji. Kisha pakua kidogo tu, pembeni ya sahani.

Na kama kitunguu saumu kinakusumbua, kikaange kidogo kwenye mafuta ya zeituni, halafu vitoe vipande vyote. Harufu na ladha vinabaki. Sukari yake inayoleta gesi haiyeyuki kwenye mafuta. Hapo hata chumvi utaitia kidogo bila kuikumbuka.

Bi Rehema: Nyongeza: maganda ya mbegu za isabgoli (psyllium) pia yanashusha LDL, na hayaleti gesi nyingi. Yanywe na glasi nzima ya maji, na yasikutane na dawa zako. Acha saa mbili hivi katikati.

Kaka Juma: Dada, ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, au tumbo la kuharisha linakuamsha usiku, rudi kwa daktari kwanza. Hayo si ya kutibu kwa uji.

Mama Tatu: Asanteni mno. Hizo dalili sina. Na samaki je?

Msafiri62: Kula bila wasiwasi, samaki hana zile sukari za gesi. Chagua wenye mafuta yao wenyewe, sadini kwa mfano, mara mbili kwa wiki. Ila wachemshe au waoke, maana wakielea kwenye mafuta ya kukaangia tumbo litakusema usiku huohuo.