Yule bwana wa mizani amemning'iniza pweza wangu mbele ya mnada mzima na kuuliza mama yake ni nani

BeseniLaAlfajiri (mwanzisha uzi):

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado na shombo mikononi, na sitamtaja mtu kwa jina kwa sababu hapana haja: kila anayenunua samaki pwani yetu hii anamjua yule bwana mkaguzi wa uvuvi mwenye mizani ya kuning'iniza, viatu vinavyong'aa kama nguru aliyetoka majini sasa hivi, na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya mkondo.

Leo asubuhi nilikuwa nimekwisha kununua kwa dalali, ushuru nimelipa, stakabadhi iko kibindoni, na leseni yangu ya uchuuzi iko ndani ya mfuko wa nailoni nilioufunga kwa mpira ili isilowe. Bwana huyo alipita penye jodari, akapita penye kolekole, akapita penye ndoo za vibua, wala hakugeuza shingo. Alipofika kwenye beseni langu aliingiza mkono, akachomoa pweza mmoja aliyekuwa juu ya wenzake, akampachika kwenye ndoano ya mizani, akakunja uso kana kwamba anasoma hati ya mashtaka, kisha akamshusha na kumshika kwa mkono mmoja tu, yaani mkono mmoja wa pweza, ile saba mingine ikining'inia na maji yakidondokea vile viatu, akaugeukia mnada mzima na kuuliza: "Nani mama wa mtoto huyu?"

Watu wakacheka. Dalali, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameninadia pweza huyo huyo kwa mbwembwe zote, alicheka hadi akashika nguzo.

Kanuni ninaifahamu. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, haziruhusu pweza aliye chini ya nusu kilo, na sababu yake ninaijua kuliko yeye, kwa kuwa nimekulia mwambani: pweza hukua upesi, maisha yake ni mafupi, na jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha akafa, kwa hiyo anayemvua angali mdogo amemvua kabla hajaacha uzao. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Lakini pweza wangu alikuwa amekwisha kutolewa matumbo na kutwangwa akalainika, na kila aliyewahi kumtengeneza anajua kwamba uzito unaofika sokoni si ule uliotoka majini. Nilipofungua kinywa kulieleza hilo, alimwinua juu zaidi, mpaka walioko kwenye mitumbwi wakamwona, akarudia: "Nimeuliza, nani mama yake?"

Mimi nimefika umri wa kuitwa bibi. Kama ni faini, angeniandikia faini. Kama ni kumtaifisha, angemtaifisha, maana sheria imempa uwezo huo. Ni kifungu gani kinachomruhusu kuchunguza uzazi wa pweza mbele ya wateja wangu? Kijana wa bodaboda anayenibebea beseni, ambaye nilimzoea kwa adabu zake, amenishusha nyumbani akaniuliza kama wadogo zake yule pweza hawajambo.

TengaTupu:

Pole sana, shangazi. Hata hivyo, umeandika aya nzima kuhusu viatu vya mtu na hukutuambia jambo moja dogo: mizani ilisoma gramu ngapi?

BeseniLaAlfajiri:

Uzito si hoja. Hoja ni kwamba alimshika mkono mmoja.

NahodhaMstaafu:

Kwa hiyo hakufika nusu kilo. Tuendelee.

Mchokoo:

Mimi ninamtetea mama wa mtoto. Kanuni hii iliwekwa kwa ajili ya kulinda mwamba, lakini mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa na watu wametapakaa na michokoo yao, ile mijiti ya kuchokolea pweza, humwoni mwenye mizani hata mmoja. Anasubiri pweza apite mikononi mwa mvuvi, wa mkusanyaji na wa dalali, kisha anamkamata aliye mwisho wa foleni, kwa kuwa beseni halina miguu ya kukimbia. Wenzetu wa Songosongo kule Kilwa na wa Jojo kule Mafia wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, na siku ya kuifungua wanatoka na pweza ambaye hakuna haja ya kumuuliza ukoo wake. Kazi inafanyika huko. Sokoni tunafanyiwa maigizo tu.

Kolekole_Mkavu:

Maigizo yalianza zamani, mkuu. Mmesahau mwaka 2018 kule Dodoma, wataalamu walipoingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge na kupima samaki ambao walikuwa wamekwisha kupikwa? Shangazi ashukuru kwamba wake alikuwa mbichi.

TengaTupu:

Na wale hawakuuliza mama. Waliuliza sentimita.

MtuWaDikoni:

Kinachonikera mimi si pweza. Ni kwamba bwana huyo huyo, kwa macho yangu, aliwahi kupita kwenye matenga ya samaki wa baruti, wale waliouawa kwa mlipuko, na kusalimia. Samaki wa baruti hahitaji mizani wala maabara: ukimbonyeza nyama inabonyea na hairudi, ukimpasua unakuta mifupa imeachana na minofu na damu imevilia kwenye uti wa mgongo. Kumvua ni kosa na kumuuza ni kosa. Hakuuliza baba yao ni nani, ingawa baba yao alikuwa amesimama pale pale akinywa kahawa.

BeseniLaAlfajiri:

Umeona sasa! Wa baruti anasalimiwa, wangu ananing'inizwa. Na ninarudia, kwa mkono mmoja, mbele ya watu wote.

Mvukaji:

Mnalia kwa pweza mmoja, nami nifanyeje? Uvuvi wa Unguja na Pemba una sheria yake, Na. 7 ya mwaka 2010, na wa Bara una ya kwake, kwa sababu uvuvi usio wa bahari kuu si jambo la Muungano. Kwa miaka mingi jongoo bahari ameuzwa kwa vibali upande wa visiwani, hali upande wa Bara kumvuna baharini kumepigwa marufuku. Mtu anapanda boti akiwa mfanyabiashara halali, na kabla hajashuka bandarini amekwisha kuwa mhalifu, wala hakugusa kitu zaidi ya tiketi.

NahodhaMstaafu:

Ndugu yangu, sheria ya unakoshuka ndiyo inayokukamata. Hilo usimlaumu jongoo.

Mvukaji:

Simlaumu jongoo. Ninamlaumu aliyenishauri kwamba karatasi ya huku inatosha kule.

MamaVibua:

Karatasi! Mimi nimelipa ushuru dikoni, pale samaki wanaposhushwa, nikapewa stakabadhi, nikafika sokoni nikadaiwa ushuru mwingine kwa samaki wale wale na ndoo ile ile. Nilipoonyesha stakabadhi ya kwanza niliambiwa kwamba ile ni ya kushusha na hii ni ya kuuza. Niliposafirisha masalio kwenda wilaya ya pili nikaulizwa kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi. Vibua hao wamelipiwa nauli za karatasi kuliko mimi.

MtuWaDikoni:

Kibali cha kusafirisha ni halali kudaiwa, usichanganye mambo. Ushuru wa mara mbili ndio wa kupigania. Ulipewa stakabadhi ya mashine au ya mkono?

MamaVibua:

Ya kwanza ya mashine, ya pili ya mkono, na wino wake umefutika kwa maji ya barafu.

BeseniLaAlfajiri:

Ninaomba turudi kwenye pweza.

Kolekole_Mkavu:

Ya mkono uliyopewa ina mhuri, MamaVibua? Kama haina mhuri, hiyo haikuwa ushuru, ilikuwa sadaka.

MamaVibua:

Mhuri upo, ila ni wa mwaka jana.

Mvukaji:

Ipige picha uiweke hapa, nami nitaweka yangu ya bandarini, tuone ipi ni ya ajabu zaidi.