Anayetaka ubunge bila kutoa bahasha aanzie wapi kabla ya kura za maoni za 2030?

Mkulima wa Zabibu aliuliza:

Wanajukwaa, salaam.

Nipo katika kikundi kidogo kinachomsaidia mama mmoja, mkulima mwenzetu aliyewahi kuwa mhasibu wa chama cha ushirika, ambaye amekusudia kuomba ridhaa ya CCM, chama tawala, kupitia kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kumpata mgombea, ili agombee ubunge mwaka 2030 katika mojawapo ya majimbo ya vijijini ya Mkoa wa Dodoma. Jimbo silitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hajatangaza nia na hataki aonekane ameanza kupitapita.

Hoja zake ni mbili tu, na kwa maoni yangu zinatosha. Ya kwanza inahusu Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Anataka kila fedha inayotoka katika mfuko huo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji: ni mabati mangapi, yamekwenda shule gani, yamenunuliwa kwa bei gani. Ya pili ni kwamba mbunge awe na ratiba ya kuhudhuria mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kisheria hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na huko aulizwe maswali na watu wote, si na viongozi waliokwisha kuandaliwa. Pamoja na hayo ameapa kwamba hatatoa bahasha, yaani hata shilingi moja kwa mjumbe wa chama anayepiga kura hizo, iitwe nauli, maji au shukrani.

Ndani ya kikundi tumegawanyika. Vijana wanataka tuanze na makundi ya WhatsApp waliyokwisha kuyafungua na vipindi vya redio za hapa mkoani, ili wananchi wamfahamu mapema. Wazee wanasema hiyo ni kazi bure, kwa sababu wananchi hao si wapigaji wa kura za maoni. Naomba uzoefu wenu: miaka hii iliyobaki tuitumie kufanya nini hasa?

Naomba kuwasilisha.

Kada wa Siku Nyingi alijibu:

Ndugu Mkulima, wazee wenu wamesema kweli, ila hawajaimalizia. Kabla ya kuuliza mgombea aseme nini, ulizeni kwanza nani atapiga kura, maana jambo hilo limebadilika zaidi ya mara moja mbele ya macho yetu.

Mwaka 2010 na 2015 wanachama wa kawaida walipiga kura za maoni matawini. Ni katika utaratibu huo wa 2010 ambapo Mzee John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994, aliangushwa na Livingstone Lusinde katika jimbo la Mtera, hapa hapa Dodoma. Mwaka 2020 kura zikarudishwa kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, watu mia chache tu, na ndipo nchi nzima ilipojifunza kusema kwamba wajumbe si watu wazuri. Mwaka 2025 idadi ya wapigaji ikaongezwa sana, hata majimbo mengi yakahesabu kura kwa maelfu. Sijui mtu anayeweza kukuapia leo kwamba 2030 utatumika utaratibu upi, kwa hiyo msijenge nyumba yote juu ya kanuni moja.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakibadiliki. Ukiacha ule utaratibu wa wanachama wote, wapigaji wa kura za maoni ni watu wenye nafasi ndani ya chama, na nafasi hizo hazipatikani katika mwaka wa uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa ndani wa chama ulifanyika 2017, ukafanyika tena 2022, na unaofuata ni wa 2027. Watakaochaguliwa mashinani, matawini na katika kata mwaka huo ndio watakaokuwa wamekaa kwenye viti 2030. Wagombea wengi wanaojiita wa mabadiliko hushtuka mwezi Juni wa mwaka wa uchaguzi, wanalipia fomu (2025 ilikuwa Sh500,000 kwa ubunge), kisha wanakwenda kuwaomba kura watu ambao mpinzani wao aliwasaidia kuingia madarakani miaka mitatu nyuma. Hapo hata ukiwa na hoja ya dhahabu, umechelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mwaka 2027 tafuteni watu waadilifu katika kila tawi wachukue fomu, hasa wale wenye hesabu safi katika vikundi vya kuweka na kukopa, katika kamati za maji na katika ushirika, na mama yenu naye agombee nafasi katika tawi lake. Si lazima watu hao wawe wamemwahidi kura. Inatosha kuwa ni watu wasionunulika, na kusema kweli mkiwapata wengine wenye sifa hiyo ambao hawamtaki, waungeni mkono hao pia.

Tahadhari moja. Kumnadi mtu kabla ya wakati ni kosa la kimaadili ndani ya chama, na halina mkubwa. Februari 2014 makada sita waliohusishwa na mbio za urais, wakiwamo mawaziri wakuu wa zamani Edward Lowassa na Frederick Sumaye, walipewa onyo kali na kuzuiwa kugombea kwa miezi 12. Makundi ya WhatsApp yenye picha yake na maneno "Mbunge wetu 2030" yafungeni leo hii.

Wakili wa Area C alijibu:

Naongezea upande wa sheria, kwa kuwa naona watu wengi bado wanaamini kwamba kura za maoni ni mambo ya ndani ya chama ambayo serikali haiyagusi.

Tulikuwa na kitu kilichoitwa takrima. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa kimila, na ilikuwa vigumu mno kuonyesha pale ukarimu unapoishia na hongo inapoanzia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Ikafuata Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, inayomtia hatiani anayetoa na anayepokea pia, kisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayosimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Hii ya mwisho someni kwa makini, kwa sababu haigusi kampeni za uchaguzi mkuu peke yake: inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama.

Kwa lugha nyepesi, mama yenu anapaswa kuwa na daftari la mapato na matumizi kabla ya kura za maoni, si baada yake. Kwa mhasibu hilo halipaswi kuwa mzigo. Aandike lita za mafuta, kodi ya ukumbi, aliyechangia na alichochangia. Kinachowaponza wagombea wasafi mara nyingi si wao wenyewe bali ni mpambe mwenye bidii kupita kiasi, ambaye usiku wa kuamkia kura anagawa elfu kumi kumi kwa jina la mgombea bila kumwambia. Wapambe wote waelezwe wazi mapema, kwa maandishi, kwamba atakayefanya hivyo atakuwa wa kwanza kuripotiwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na kambi yake mwenyewe.

Iwapo atatendewa rafu, asisubiri matokeo. Malalamiko yanayoandikwa baada ya kushindwa husomwa kama kilio cha aliyeshindwa, hata yawe ya kweli kiasi gani.

Mjumbe Mstaafu alijibu:

Nimesoma yote kwa utulivu. Sitaji jimbo wala mwaka, lakini nimewahi kuketi kwenye mkutano wa aina hiyo nikiwa mjumbe, na ningependa mgombea wenu ajue mambo yanavyoonekana kutoka kwenye benchi letu.

Mjumbe anaamka alfajiri kijijini kwake. Pikipiki mpaka barabara kuu ni hela yake, basi mpaka makao makuu ya wilaya ni hela yake. Anafika ukumbini, mara nyingi ni bwalo la shule, anakaa hadi saa tisa mchana akisikiliza watu ambao wameletwa pamoja kwenye gari moja la chama na kila mmoja amepewa dakika chache za kujinadi. Mtu mmoja anasema ana shahada mbili. Mwingine anasema amefanya kazi ughaibuni. Wa tatu anasoma hotuba kwenye simu na mwanga wa jua unamzuia kuona maandishi. Dakika zinakwisha, maswali yanaruhusiwa mawili. Jioni anarudi nyumbani na njaa, huku akijua kwamba mmojawapo wa wale waliojinadi atakuwa Mheshimiwa, na kwamba kuonana naye tena kutahitaji kupitia kwa katibu wake.

Bahasha inaingia kwenye nafasi hiyo. Siitetei. Nasema tu kwamba mjumbe anayeipokea hajioni kuwa ameuza kura, bali anajiona kuwa amerudishiwa nauli na mtu ambaye hatamwona tena kwa miaka mitano, na anayekuja kumhubiria uadilifu bila kulijua hilo anamwona kuwa ni mtu wa mjini aliyekuja kumdharau. Wapo pia, nikiri, wanaopokea kutoka kwa kila mgombea na kupiga kura kwa ukoo au kwa dhehebu. Hao hata mama yenu akitoa bahasha hawapati.

Angalieni na kalenda. Wagombea hutujia Julai na Agosti, mtama ukiwa umeshavunwa na kila kaya ina chochote ghalani. Februari, chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu bado kiko shambani, hatuwaoni. Mama yenu kama ni mkulima kweli, aonekane Februari, kwenye msiba, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye foleni ya kisima kilichoharibika pampu, na asiseme lolote kuhusu ubunge. Na ile hoja ya ubao wa matangazo msiipuuze. Mjumbe anayeweza kusoma ubaoni kwamba kijiji chake kilitengewa mifuko ya saruji na ikafika pungufu, huyo umempa kitu kikubwa kuliko nauli, kwa sababu keshokutwa ataulizwa na majirani zake na atakuwa na jibu.

Mkulima wa Zabibu alijibu:

Nashukuru sana. Mzee wangu Mjumbe Mstaafu, shikamoo. Maelezo yako nitamsomea mwenyewe neno kwa neno.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Kuna viongozi wanaomshauri aachane na jimbo, aende viti maalumu, yaani nafasi za wabunge wanawake wasio na jimbo, kupitia UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, wakisema ndiko njia ya wanawake iliyonyooka. Pia, tukifanya yote haya akaongoza kura, je, ndiyo amemaliza? Na kama chama kikimwacha, anaweza kusimama mwenyewe?

Kada wa Siku Nyingi alijibu:

La viti maalumu: asikubali, angalau kwa hoja hii aliyoibeba. Mwenyekiti wa kamati ya mfuko wa jimbo ni mbunge wa jimbo. Akiwa wa viti maalumu atakuwa anadai uwazi wa mfuko ambao haumhusu, na mwenye mfuko atamwambia hivyo hivyo hadharani.

Kuongoza kura si kumaliza. Kura za maoni ni maoni, kama jina lake lilivyo. Majina hupita kwenye vikao vya wilaya na mkoa, Kamati Kuu, na mwisho Halmashauri Kuu ya Taifa. Mwaka 2020 katika jimbo la Kawe, Dar es Salaam, aliyeongoza alipata kura 101 na Askofu Josephat Gwajima alikuwa wa tatu kwa kura 79. Aliyeteuliwa ni Gwajima. Vikao hivyo pia huchuja kabla wajumbe hawajapiga kura. Zamani Kamati Kuu ilirudisha majina yasiyozidi matatu, na Julai 2025 Mkutano Mkuu Maalumu, uliofanyika kwa njia ya mtandao, ulirekebisha katiba ya chama ili Kamati Kuu iweze kurudisha zaidi ya hayo. Kwa mtu asiye na mlezi huko juu hiyo ni nafuu, kwa kuwa katika majina mengi anaweza kuponea, lakini bado anahitaji kamati ya siasa ya wilaya isimwandikie maoni mabaya. Kwa hiyo asigombane na katibu wa wilaya kwa mambo madogo.

Wakili wa Area C alijibu:

Kuhusu kusimama mwenyewe: kwa sasa haiwezekani. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Shauri la kwanza kubwa dhidi ya sharti hilo, la Mchungaji Christopher Mtikila, liliamuliwa na Mahakama Kuu hapa Dodoma mwaka 1994, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, kwa faida ya mgombea binafsi, na mwaka huo huo Bunge likabadilisha Katiba kuufunga mlango. Mtikila akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010 ikisema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini sharti la chama limebaki kwenye Katiba.

Akiachwa, njia iliyobaki ni kuhamia chama kingine, na huko atakuta vikao vya uteuzi vya namna yake. Hilo aliamue mapema akiwa na akili tulivu, asiliamue usiku majina yanaposomwa.

Mkulima wa Zabibu alijibu:

Nimekuelewa, Wakili. Makundi ya WhatsApp yamefungwa jioni hii, vijana wamenuna kidogo. Jumapili tunakutana kuorodhesha matawi na kuona ni yapi ambayo hatumjui mtu hata mmoja wa kumshawishi achukue fomu 2027.