Mama ana kisukari, anataka kuacha ugali na wali kabisa: tuanzie wapi?

BintiMuheza
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana kisukari aina ya pili. Anatumia vidonge vya kushusha sukari: metformin asubuhi na jioni, pamoja na glibenclamide. Akipima kabla ya kula asubuhi, sukari haishuki chini ya 11 (mmol/L). Jirani kamwambia aache ugali, wali, mihogo na chapati vyote kwa mpigo, na kakubali: anaanza Jumatatu. Naogopa njaa itamshinda. Na dona nayo aache?

FundiRedio
Dada, Jumatatu asianze kabla hajaonana na daktari wake. Sababu ni hiyo glibenclamide: inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Ukiondoa wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kuanguka chini ya 4. Jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Mimi pia nina kisukari, na daktari alinipunguzia dawa hiyo kwanza, baadaye akaiondoa, ikabaki metformin, ambayo ikiwa peke yake ni nadra kuangusha sukari.

Dona ina nyuzinyuzi kushinda sembe, lakini bado sehemu kubwa ni wanga. Mtama na ulezi vilevile. Inaniuma kuona mgonjwa anajaziwa sahani ya dona eti ndicho chakula chake. Na asali ni sukari, tusidanganyane.

Njaa haitamshinda akila mafuta na protini za kutosha. Mimi asubuhi nakula mayai na mchicha, au supu ya samaki. Mchana kibua na bamia, au kisamvu cha nazi na parachichi pembeni. Hapo ugali unabaki tonge chache, na nikipima saa mbili baada ya kuanza kula naona tofauti kabisa na zile siku za sahani ya wali.

BintiMuheza
Asante sana kaka. Vijiti vya kupimia ni ghali, hatuwezi kupima kila mlo. Halafu mama hapendi kupikiwa peke yake, anasema anajiona katengwa.

NesiWaZamu
Pole na kuuguza. Vijiti gawanyeni: leo kabla ya kula asubuhi, kesho baada ya chakula cha mchana, hivyo hivyo kwa zamu. Muulizeni daktari pia kuhusu HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. Figo zipimwe kabla hajaongeza sana nyama na samaki. Sukari ikianguka chini ya 4 na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza msimpe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

FundiRedio
Kuhusu kutengwa: kwangu chungu ni kimoja. Mboga inapikwa nyingi, inatangulia mezani, na kila mtu anaanza nayo. Ugali unakuja mwisho, anayetaka zaidi anajiongezea. Watoto wangu hawana kisukari na wanakula hivyo hivyo. Mpikieni mama kisamvu kingi, nanyi mkae naye mle.