Tupeane uzoefu: Kubadilisha midomo ya ekzosi kwenye sports car za zamani

KaburetaMbili:
Wakuu habari zenu. Nina MGB GT ya 1967, injini ishakaa sawa, rangi ishakaa sawa, sasa nimefika nyuma kabisa kwenye mdomo wa ekzosi. Uliopo ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, kromu inabanduka na chini yake ni kutu tupu. Nataka kuweka mwingine, tatizo kila ninayemuuliza ana dini yake, huyu anasema weka miwili, yule anasema kata mshazari, mwingine anasema gari ya umri huo ukiiwekea mdomo mpana umeiharibu sura. Sitafuti wa kuniuzia, nataka waliokwisha fanya waseme walifanya nini na ikawaje. Mi msimamo wangu wa kuanzia ni huu, bodi sikati, na chochote ntakachofunga kiwe kinaweza kufunguliwa. Una Porsche 911, una Datsun Z, una Jaguar, una chochote, mwaga hapa.

InjiniNyuma:
Ngoja nianze maana kwenye 911 za zamani hii kitu ina mambo yake. Kwetu mafla (lile kopo la kupunguza sauti) haining'inii kwenye bodi, imebebwa na injini yenyewe, kwahiyo injini ikitikisika mdomo nao unatikisika. Fundi alinichomelea bomba nene za stenlesi zikakaa katikati kabisa ya nafasi iliyokatwa kwenye bampa, gari imepoa, imezimwa, inapendeza kwelikweli, tukapiga na picha. Kuwasha tu, kukanyaga mafuta ikiwa imesimama, injini ikalala upande kidogo na mdomo ukaanza kugonga bampa ngo ngo ngo. Ikabidi ifunguliwe yote akate upya. Sa hivi nikiona mtu amepanga mdomo umebanana na bampa ili uonekane wa kiwandani huwa nacheka tu. Acha upana wa kidole kizima kuzunguka mdomo, na upande wa juu acha zaidi, kwasababu joto linapanda na rangi ya bampa inaanza kubadilika hapohapo juu. Afu kabla ya yote angalia raba za injini, kama zimechoka hata upime vipi mdomo utagonga tu.

Milimita:
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Watu wanasahau kwamba ekzosi inarefuka. Stenlesi ya 304 (hiyo namba ni aina ya chuma) kila mita inaongezeka mikroni (elfu moja ya milimita) kama 17 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, sasa chukua bomba la mita 3 kutoka mbele mpaka nyuma, likipanda wastani wa nyuzi 300 tayari limerefuka karibu milimita 15. Ndo maana mtu anapanga mdomo ulingane na bampa gari ikiwa baridi, anaendesha kidogo, anarudi anakuta umetokeza nje anaanza kumlaumu fundi. Kwenye gari za injini mbele mi huuacha umeingia ndani kidogo ukiwa baridi, ukipata moto unakuja wenyewe pale unapotakiwa. Na raba za kubebea zisiwekwe zimevutwa tayari, ziwe na nafasi ya kucheza mbele na nyuma.

MamaZedi:
Mimi nina Datsun 240Z na kwangu mdomo wa ekzosi haukuwa urembo, ulikuwa afya. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliufupisha ukaishia chini ya bampa, alitaka usionekane, gari ionekane safi kwa nyuma. Sasa wenye hizi gari wanajua ugonjwa wake, moshi unaingia ndani. Gari ikitembea hewa ya nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo, moshi badala ya kubaki barabarani unavutwa unarudi kwenye mlango wa nyuma, na kama raba ya mlango imekauka basi umeingia. Ukishusha kioo ndo unaharibu zaidi maana unazidi kuuvuta uje mbele. Nlikuwa nikisafiri nayo nafika kichwa kinauma, nguo zinanuka petroli, nikadhani ni kabureta, zikasafishwa, wapi.

Kilichomaliza ni vitu vitatu kwa pamoja: raba mpya ya mlango wa nyuma, gasketi za taa za nyuma (hizi watu wanazisahau, pale pana matundu makubwa tu yanaingia ndani ya gari) na mdomo mpya uliopita ukingo wa bampa na kuangalia chini kidogo. Kidogo tu, sio unapuliza lami. Baada ya hapo harufu ikaisha. Lakini jamani kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hiyo mnayoinusa ni petroli ambayo haijaungua na takataka nyingine, kwahiyo usiseme sinusi kitu basi niko salama. Mi nimeweka kale kakengele ka kugundua hiyo gesi ndani ya gari na kako mpaka leo. Kwahiyo kabla hujachagua mshazari au mviringo, jiulize kwanza moshi utaenda wapi.

KaburetaMbili:
Dada MamaZedi hiyo sikuwa nimeiwaza kabisa na GT nayo ina mlango wa nyuma uleule. Naenda kuangalia raba leo. Endeleeni.

Msasa2000:
Tuongelee chuma chenyewe maana hapo ndo watu wanapigwa. Kuna stenlesi na stenlesi. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, inang'aa na inabaki inang'aa. 409 ina kromiamu kama asilimia 11 tu, inatumika sana kwenye ekzosi za kiwandani, haiozi haraka ila juu inapata rangi ya kutu, kwa bomba la chini ya gari haina shida lakini kwa mdomo unaoonekana utajuta. Ukienda kununua beba sumaku: 409 inashika vizuri, 304 haishiki au inashika kwa mbali sana pale ilipokunjwa. Chuma cha kawaida chenye kromu pia kinashika sumaku, kwahiyo ikinata jua tu sio 304, ulizia zaidi.

Pili, uchomeleaji. Fundi mzuri anatumia TIG (kuchomelea kwa umeme chini ya gesi) na anapitisha gesi ya argoni mpaka ndani ya bomba, sio nje tu. Asipofanya hivyo upande wa ndani chuma kinaungua kinakuwa na mabonge mabonge meusi, na kutu inaanzia hapo kwa ndani huku nje mshono unapendeza. Kwa 304 waya wa kuchomelea ni 308L. Na hili la tatu ndo linaniuma zaidi, brashi ya waya na jiwe la grenda. Vikishagusa chuma cha kawaida visiguse stenlesi yako, vinapandikiza chembe za chuma halafu baadaye mdomo unatoa vidoa vya kutu unaanza kusema umeuziwa feki. Kumbe stenlesi ni halali, brashi ndo ilikuwa najisi.

Kung'arisha mi naanza msasa wa 400, 800, 1200, 2000, wa maji, kila hatua nageuza upande wa kusugua mpaka mikwaruzo ya hatua iliyopita iishe yote, ndo naingia kwenye dawa ya kung'arishia na gurudumu la kitambaa. Usiruke hatua. Ukiruka utaona mikwaruzo jua likipiga, na mdomo wa ekzosi bahati mbaya watu wanaupigia picha juani.

BampaMoja:
Mkuu Msasa na hizi za rangi ya bluu na zambarau unazionaje? Mimi zinanivutia.

Msasa2000:
Za titani halisi rangi ile ni tabaka jembamba la oksidi linalotokana na joto, mwanga ndo unacheza hapo, na inabadilika kadri joto linavyoongezeka. Kuna nyingine ni rangi tu imepuliziwa juu ya stenlesi, hizo zinakwaruzika. Kwa gari ya kisasa sawa. Kwa gari ya 1967 samahani mkuu, hapana.

BampaMoja:
Umeniua lakini sawa.

Ngurumo:
Mi nliweka mdomo mpana zaidi na gari ikapata nguvu na sauti nzito. Msinibishie.

Milimita:
Nguvu hapana. Mdomo uko mwisho kabisa wa njia, kama sio mwembamba kuliko bomba lenyewe injini haijui hata kama upo. Sauti unaweza ukabadilisha kidogo rangi yake, ila inapikwa kwenye mafla, resoneta (kopo jingine la kurekebisha sauti) na urefu wa mabomba. Kinachowachanganya watu ni kwamba mdomo ukibadilishwa mara nyingi na mafla inabadilishwa siku hiyohiyo. Mkuu Ngurumo, mafla iliguswa?

Ngurumo:
...iliguswa.

PakaMiguuMirefu:
Huku kwa Jaguar E-Type mdomo wa ekzosi ni kitambulisho kabisa. Series 1, yaani toleo la kwanza, mabomba mawili yamekaa pamoja katikati chini ya namba ya gari, Series 2 yakatenganishwa kwasababu namba iliwekwa pale katikati, afu V12 (injini ya silinda 12) za Series 3 kuanzia 1971 zikaja na midomo minne imefunguka pamoja, baadaye ikarudi miwili. Kwahiyo mtu anayejua anasimama nyuma ya gari yako anakusoma kabla hujafungua mdomo wako mwenyewe.

Yangu ni V12 ya mwanzo na nliikuta na midomo miwili mikubwa kama ndoo, kazi ya mwenye gari wa kabla. Kuipata ile minne ilikuwa kazi, na nlipoipata kukawa na kazi nyingine ya kuipanga ikae sawa maana ukikosea kidogo upande mmoja macho yanaona hapohapo. Ushauri, usipime kutoka sakafuni, sakafu za gereji nyingi hazijalala sawa. Usiamini bampa pia, bampa za zamani zilifungwa kwa mkono na zishagongwa miaka hii yote. Pima kutoka kwenye bodi, shika kwa nukta za kuchomelea tu, shusha gari kwenye magurudumu, rudi nyuma hatua kadhaa, chuchumaa uangalie. Mwite na mtu mwingine aangalie. Ndo uchomelee moja kwa moja. Na ile ya zamani uliyoitoa usitupe! Ipake mafuta, ifunge gazeti, weka juu ya kabati. Siku ukiuza gari mnunuzi ataiulizia.

FarasiMwitu:
Naunga mkono hiyo ya kutokata bodi. Mustang GT za 1965 na 1966 zilikuwa na midomo inayopita kwenye bati la chini ya bampa, basi kila mwenye Mustang ya kawaida anataka kutoboa ifanane. Yangu ilitobolewa na mtu kwa grenda, ukingo haukupakwa hata primer, kutu ikala mpaka kwenye kona. Nilibadilisha bati zima. Kama unataka ule muonekano, nunua bati la chini lililokwisha tobolewa, funga hilo, lako lihifadhi.

PembeniKushoto:
Corvette ya 1965 hapa, ule mwaka walioanza kukupa mabomba ya pembeni kama chaguo la kiwandani. Sina mengi zaidi ya kusema yanaunguza miguu. Lile gamba lenye matundu juu yake linasaidia ila sio sana, kila mgeni namwambia shuka kwa hatua ndefu, na kila mgeni aliyevaa kaptula anajifunza kwa njia yake.

MasiziMeusi:
Kabla mtu hajang'arisha aangalie mdomo wa sasa unamwambia nini. Masizi makavu meusi yanayotoka kwa kidole, mchanganyiko una mafuta mengi, cheki choki na kabureta. Meusi yenye unyevu wa kunata, hiyo ni oili inaungua, mdomo mpya utachafuka wiki ileile. Wazee watawaambia zamani mdomo ukiwa wa kijivu ndo gari iko sawa, ni kweli lakini hiyo ilikuwa petroli yenye madini ya risasi, siku hizi mdomo wa gari nzima kabisa unaweza kuwa mweusi kidogo na hamna tatizo, soma rangi ya plagi za injini.

Halafu maji. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, ni kemia tu. Safari fupi fupi ekzosi haipati moto wa kutosha, maji yanabaki ndani, mafla inaoza kutokea ndani huku mdomo unang'aa. Kwahiyo usiuinamishe mdomo kuelekea mbele, ulale kidogo kwenda nje maji yatoke. Mi kusafisha natumia kitambaa na mafuta ya kulainishia kidogo mdomo ukiwa umepoa, kila baada ya kuendesha, dakika mbili imeisha. Ukiacha masizi yaungue pale mwezi mzima ndo unaanza kutafuta msasa wa Msasa2000.

KaburetaMbili:
Asanteni sana wakuu. Naona naenda na 304, mdomo mmoja, duara la kawaida ukingo umekunjwa, upite bampa kidogo na kulala kwenda nje. Swali la mwisho, nachomelea au nafunga kwa klampu? Naona klampu zile za herufi U zinaponda bomba.

PakaMiguuMirefu:
Usitumie hizo za U, ukizikaza bomba linabonyea na siku ya kutoa halitoki. Tumia ile ya mkanda mpana inayobana bomba lote kuzunguka, mdomo uingie juu ya bomba angalau sentimita 4, na kwenye bolti paka grisi ya shaba zisigande. Kaza kidogo, endesha mpaka ipate moto, ikipoa panga upya ndo ukaze kabisa.

InjiniNyuma:
Na bolti ya klampu igeukie juu, isikae chini, ikigusa tuta umeondoka na nati.

KaburetaMbili:
Sawa. Raba ya mlango nimeiangalia, imekauka kweli. Naanza na hiyo.