F-22, F-35, J-20 na Su-57: ipi kiboko?

Mdadisi:
Wakuu, kila penye mjadala wa ndege za kivita ni ubishi. Huyu anadai F-22 ya Wamarekani haionekani kabisa kwenye rada, yule anasema Su-57 ya Warusi itaizungusha mpaka itapike. Na J-20 ya Wachina mnaiweka wapi?

Jicho la Mwewe:
Mkuu, ndege isiyoonekana kabisa haipo. Umbo na rangi maalumu hupunguza umbali ambao rada inaweza kuinasa, basi. Mwaka 1999 Waserbia waliidungua F-117, ndege ya Marekani ya kukwepa rada, kwa S-125, mtambo wa makombora wa tangu miaka ya 1960!

Ila kwa kujificha, F-22 bado naiweka juu. Itazame Su-57 kwa nyuma: midomo ya injini ni ya duara, iko wazi kabisa. Mbele ya kioo cha rubani kuna kidude cha mviringo cha kunusa joto. Vitu kama hivyo rada inavipenda. F-22 midomo yake ni bapa. Tatizo lake ni uchache: zilizoingia kazini ni 187 tu, uzalishaji ukakoma 2011, na sheria ya Marekani inakataza kuiuza nje.

J-20 watu huicheka kwa vile vibawa vya mbele. Mimi siicheki. Ni ndefu, inabeba mafuta mengi, na kwenye anga pana kama la Pasifiki naona kazi yake ni kuwinda ndege za kujazia mafuta. Ukishaziangusha hizo, F-22 itarudije?

Chuma Cha Moto:
Su-57 mnaionea. Ina rada hadi mashavuni, inaweza kugeuka ubavu na bado ikamwona adui.

Jicho la Mwewe:
Hapo kwenye rada za mashavuni umenena, ni ubunifu mzuri sana. Lakini Su-57 zenyewe ziko ngapi? Ya kwanza kutoka kiwandani ilianguka Desemba 2019 hata kabla ya kukabidhiwa jeshi.

Mdadisi:
Na F-35, nayo ya Wamarekani? Nasikia ni nzito, injini yenyewe moja.

Jicho la Mwewe:
Kwa mbio inaachwa, ukomo wake ni Mach 1.6, yaani mara 1.6 ya kasi ya sauti. Lakini ina kamera sita kuzunguka mwili: rubani akiinamisha kichwa, kofia inamwonyesha kilichoko chini ya sakafu ya ndege, na taarifa za adui anawarushia wenzake. Zikipambana mbili tu angani, nampa F-22. Vita ya miezi, nipe F-35. Zimeshatengenezwa zaidi ya 1,000.