MJADALA: Ripoti ikisema fankisheni ina 17, lazima tuirifakta?

WaKondele
Habarini wadau, naomba maoni kabla sijakosana na boss. Nashughulikia mfumo wa sacco moja hapa Kisumu, uliandikwa 2013, unalipa mishahara ya wafanyakazi na pia unakokotoa mikopo ya wanachama. Boss ameleta kifaa cha kupima ugumu wa msimbo (code), kikatoa ripoti inayopa kila fankisheni, yaani kila kipande cha msimbo chenye kazi yake, namba ya ugumu. Sasa amri ni kwamba fankisheni yoyote iliyopita 10 irifaktiwe, yaani ipangwe upya bila kubadilisha inachofanya, kabla mwezi uishe. Ya kwanza kwa orodha ni ile ya makato ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, imepata 17. Bado tunaitumia kwa malimbikizo ya kabla ya Oktoba 2024. Ile ya riba ya mikopo imepata 9 kwa hivyo imepita na hakuna anayeiongelea.

Sasa mimi nimekaa na hizi mbili miaka mitatu. Ile ya 17 ni ma-if yamepangana kama ngazi, mshahara chini ya 6,000 kata 150, chini ya 8,000 kata 300, unateremka hivyo mpaka laki moja na zaidi kata 1,700, hata mtoto wa form two anaisoma akielewa. Ile ya 9 nikiigusa silali. Oneni mwanzo wake tu:

if gowi_machon > 0:
    for mwezi in miezi:
        if mwezi.amelipa and gowi_manyien > gowi_machon:
            riba = riba + gowi_machon * kiwango

Swali langu ni moja, hiyo 10 ni sheria ama ni mwongozo?

Section58_dev
Ni sheria. Namba haina hisia bro, ndiyo uzuri wake. Kila mtu akiruhusiwa kusema "hii yangu inasomeka" basi hakuna msimbo mbaya Kenya nzima, kila mama husifu mboga yake. Ile kesi ya Toyota kule Oklahoma 2013, ya gari kuongeza kasi lenyewe, mtaalamu wa upande wa walalamishi aliambia korti kuna fankisheni nyingi zimepita 50, na ile ya kukokotoa pembe ya throto, ile ya kuongeza kasi ya injini, ilikuwa imepita 100. Hapo pia kuna injinia alikuwa anasema yeye anaielewa.

Na kusema ukweli hicho kipande chako ndio kimenishangaza zaidi. gowi_machon ndio nini? Mfumo wa pesa za watu una majina ya ushago? Anza na hapo kabla hujagombana na ripoti.

MwalimuWaLurambi
Mulembe. Hii 10 wengi wanaitaja bila kujua ilikotoka. Ni ya Thomas McCabe, kama sikosei 1977. Hesabu yenyewe ni nyepesi, unaanza na 1, kila if unaongeza 1, kila lupu (marudio, kama ile for) 1, kila and ama or ndani ya sharti 1. Ni idadi ya njia zilizo huru kupita ndani ya fankisheni, kwa hivyo inakuambia pia unahitaji testi ngapi, yaani majaribio ya kuhakiki majibu ya msimbo, ili kupita kila njia huru. NHIF ilikuwa na viwango 17, ma-if 16 jumlisha 1, ndio hiyo 17 yako. Kifaa hakijakosea hesabu.

Lakini McCabe mwenyewe kwenye lile andiko alisema mahali pamoja tu ambapo kikomo cha 10 kilionekana hakifai, ni pale kuna orodha ndefu ya chaguo zisizotegemeana, ambapo moja tu ndiyo inachaguliwa. Hizo ziliruhusiwa. Yaani ngazi yako ya NHIF imesamehewa na aliyetunga sheria.

BungomaNiKwetu
Mwalimu, ni 1976. 1977 ni kile kitabu cha Halstead, yule wa kuhesabu alama na majina.

MwalimuWaLurambi
Asante, 1976, nimesimama kurekebishwa.

NyarDunga
Section58 rudi hapa. "Majina ya ushago." Kwa Dholuo gowi ni deni, machon ni la zamani, manyien ni jipya. Hao wanachama wa sacco wakiingia ofisini wanasema gowi, karani anaandika gowi, aliyetunga mfumo akakaa nao akasikia wanavyoongea akaandika vile. Wewe wa Nakuru ukiandika oldBal na tmp2 ndio umestaarabika? Mimi si programa, niko upande wa hesabu, lakini nimetumia mifumo ya watu kama wewe, ukiuliza hii safu inamaanisha nini wanakuambia "wacha niangalie msimbo", wakiangalia hawajui.

Section58_dev
Dada sijatukana mtu. Nimesema msimbo husomwa na watu wengi kuliko wanaouandika. Leo aliyeandika ameenda Qatar, kesho mnaajiri kijana kutoka Nyeri, atasomaje?

NyarDunga
Atauliza. Kama mimi nilivyouliza siku ya kwanza "accrual" ni nini.

MzeeWaKericho
Vijana poleni kwa kuingilia. Mimi naona mnapimana kwa kitu ambacho hakikuniuma hata mara moja miaka yote nimefanya hii kazi. Wacha niwaambie kilichoniuma. Aprili 2020 VAT ilishushwa kutoka 16 hadi 14. Nilikuwa natunza mfumo wa duka moja la jumla Nakuru. Nikaketi jioni moja nikatafuta 16 kwenye msimbo wote ili nibadilishe. Weh. Zilikuwa mamia. Zingine ni VAT, zingine ni ukubwa wa herufi za risiti, zingine ni idadi ya mistari kwa ukurasa, na mahali pengine hawakuandika 16, waliandika 1.16, na pengine 0.8621 ambayo ukitafakari ndio moja gawa kwa 1.16. Hakuna fankisheni hata moja kati ya hizo ilikuwa imepita 3 au 4 kwa hesabu yenu ya McCabe. Ripoti ingekuwa kijani kutoka juu mpaka chini. Nilifanya siku tisa, nikakosa mahali pamoja, risiti za marejesho zikaendelea kurudisha 16 wakati tumeuza na 14, na duka likapoteza pesa ambayo mwenyewe alinitazama nayo vibaya mwaka mzima. Halafu Januari 2021 wakarudisha 16. Hiyo mara ya pili nilitumia dakika kumi, manake nilikuwa nimeweka kiwango mahali pamoja na tarehe yake ya kuanza.

Kwa hivyo mtu akiniuliza msimbo ni mgumu kiasi gani, mimi huuliza, sheria ikibadilika usiku wa leo utagusa mahali pangapi?

BungomaNiKwetu
Mzee heshima sana. Lakini mimi ningesema WaKondele wautupe wote waandike upya. Mfumo wa 2013, mwandishi ameenda, lugha ya zamani. Miezi minne mnamaliza.

MwalimuWaLurambi
Miezi minne ya nani? Netscape, wale wa brauza ya miaka ya tisini, waliamua kuandika upya, wakaruka toleo la 5 kabisa, wakaja kutoa la 6 mwishoni mwa 2000, na wakati huo Microsoft ameshawala. Msimbo wa zamani una yale maswali yote yaliyoshajibiwa. Ule if unaoonekana wa kijinga pale katikati, ni mwanachama fulani alifariki mkopo ukiwa nusu, mtu akaongeza sharti. Ukiandika upya unakutana na huyo marehemu tena.

BungomaNiKwetu
Mwalimu unalinganisha Netscape na sacco ya Kisumu?

MwalimuWaLurambi
Nalinganisha tabia, si ukubwa.

WaKondele
Naomba nirudi kwa hili la majina kwa sababu Section58 umegusa kidonda bila kujua. Kabla nifike hapa kulikuwa na kijana alikerwa na hayo majina kama wewe, akabadilisha kwenye nusu ya faili, gowi_machon ikawa deni_la_zamani. Tafsiri ni sawa kabisa, kamusi haina shida nayo. Lakini kwa hii sacco gowi machon si deni lililopita. Ni salio lililobaki siku mwanachama alipoongezewa mkopo juu ya mkopo, na hilo salio bado linatozwa riba kwa kiwango chake cha awali. Akaja mwingine, akaona deni_la_zamani, akasema haya madeni yameshalipwa yanafanya nini kwa riba, akayatoa. Testi hakuna. Namba ya ugumu ilishuka kutoka 11 hadi 9! Stetimenti za miezi miwili zikatoka na riba pungufu, tulipokuja kuwadai wanachama hiyo riba iliyopungua foleni ilifika kwenye ngazi, watu wazima wanauliza kwani mnatuibia mchana. Mimi ndiye nilirudisha jina la zamani, na hesabu yake nikaiweka ndani ya masharti yaliyobaki, ndiyo maana namba bado ni 9.

Na hii ndio inaniuma kuhusu ile ripoti. Ile 9 ilipatikana kwa kosa.

NyarDunga
Haya sasa. Majina ya ushago.

Section58_dev
Hiyo ni hoja nzuri ya testi, si ya Dholuo. Kama lile jina lilikuwa na maana maalum ya ofisi, lingeandikwa salio_la_kuongezea na mtu yeyote kutoka Busia hadi Lamu angeelewa. Shida ni kwamba jina lilitegemea mtu awe amezaliwa pale.

MkaleWaNjoro
Mimi si Mjaluo, nimefanya kazi Kisumu miaka minne, na nakubaliana na Section58 nusu. Siku ya kwanza nilipewa msimbo una majina ya Dholuo nikaenda nyumbani na kichwa kinauma. Lakini nilikuwa nimepewa kabla ya hapo msimbo wa Kiingereza ambao kila kitu kinaitwa data, data2, dataFinal, dataFinalNew, na huo hadi leo sijui ulikuwa unafanya nini. Kwa ule wa Kisumu nilimuuliza mama wa kaunta maneno kumi na mbili, nikayaandika kwa karatasi nikabandika ukutani, ikaisha.

Section58_dev
Hayo kumi na mbili uliyouliza, yangekuwa Kiswahili hungehitaji kuuliza.

NyarDunga
Na hangemjua mama wa kaunta. Hangejua mkopo unafanya kazi aje.

MzeeWaKericho
Hapo dada umenena kitu.

MwalimuWaLurambi
Nirudishe kidogo kwa kipimo. Kuna kipimo kingine, SonarSource, kampuni ya vifaa vya kupima msimbo, walikitoa, kinajaribu kuhesabu mzigo wa akili badala ya njia. Hicho kinaadhibu kuzama ndani, yaani if ndani ya lupu ndani ya if. Chukua mistari minne ya WaKondele. McCabe anahesabu 1, if, for, if, and, jumla 5. Kipimo hiki kingine if ya nje ni 1, for ndani yake ni 2, if ndani yao ni 3, and ni 1, jumla 7, na hapo hatujaenda mbali. Kadiri unavyozama ndivyo bei inapanda. Kwa hivyo hisia yako ya kutolala ina hesabu yake, si hisia tu. Lakini vyote viwili vitakupa jibu lile lile hata ukiita kila kitu x1 na x2. Hakuna kinachosoma majina.

WaKondele fanya hivi pia, angalia kwa Git, ile inayoweka historia ya mabadiliko ya msimbo, kila faili imeguswa mara ngapi. Msimbo mgumu ambao hakuna anayeugusa unaweza kulala salama.

BungomaNiKwetu
Na msisahau ule ujanja wa kukata. Nilimuona mtu na fankisheni ya 30, akaikata vipande vitano, sehemu_a, sehemu_b mpaka sehemu_e, kila moja 6 ama 7, ripoti kijani, akapongezwa. Ukijumlisha imepanda kuliko mwanzo, manake kila kipande kinaanza na 1 yake. Na sasa kusoma unaruka ruka kama chura.

Section58_dev
Huyo ni mwizi, huwezi kulaumu mzani kwa sababu ya muuzaji.

NyarDunga
Section58 hujanijibu. Gowi ni ya ushago. Riba ni neno la wapi? Si la Waarabu? Mbona hilo kwenye msimbo halijakuuma?

Section58_dev
Riba imeshakuwa Kiswahili. Gowi bado.

NyarDunga
Ilikuwaje Kiswahili kama hakuna mtu aliyeanza kuiandika?

MkaleWaNjoro
😂 hapo Section58 kunywa maji kwanza.

WaKondele
Nimeangalia Git. Faili ya NHIF, tangu mfumo uanze, viwango vimeguswa mara mbili tu. 2015 vilipopanda, na 2024 SHIF, bima mpya, ilipoingia, na SHIF yenyewe ni asilimia 2.75 isiyopungua 300, mistari miwili. Faili ya riba imeguswa mara 61.

Nilimpelekea boss hizo namba leo asubuhi. Amesikiliza vizuri, lakini ripoti ameshaahidi kwa bodi, kwa hivyo ile ya 17 lazima ishuke. Sawa, nimeweka viwango kwenye jedwali, lupu moja na if moja, sasa ni 3, imenichukua nusu saa na nimelinganisha na peislipu za zamani hadi senti. Ni nzuri zaidi, sikatai. Lakini ripoti sasa ni kijani yote na riba iko vile vile, na bajeti ya kurifakta imefungwa kwa sababu "tumemaliza".

Nitaifanya mwenyewe Jumamosi. Sitagusa mstari hata mmoja kabla sijapata hesabu za kweli za kulinganisha, mikopo iliyoongezwa juu ya mikopo, kutoka kwa mtu anayejua kila shilingi yake ilienda wapi.

NyarDunga
Mkopo wangu niliongeza 2019 na tena 2021. Stetimenti zangu zote ninazo na nilizikokotoa kwa mkono. Nitaleta. Section58 pia aje, ajionee gowi machon kwa karatasi.

Section58_dev
Nakuru Kisumu asubuhi naweza. Nitakuja na testi, majina tutagombana tukifika.

MzeeWaKericho
Mkipita Kericho mnibebe. Na hicho kiwango cha riba, WaKondele, angalia kama kimeandikwa mahali pamoja.

WaKondele
Mahali saba mzee. Nimehesabu sasa hivi.