Kivuko kimesombwa, mwandishi anauliza mgeni rasmi ni nani!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Yule mwandishi wetu wa habari za mitaani, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa fulana yake yenye mifuko kumi na minane inajulikana kuanzia Vingunguti hadi Jangwani, leo asubuhi amenivunjia heshima. Nilimpigia simu kumweleza kwamba kivuko chetu cha mbao kwenye mto Msimbazi kimesombwa na mvua ya usiku, kwamba wanafunzi wanavushwa mgongoni kwa shilingi 500, na kwamba picha ninazo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mgeni rasmi ni nani?"

Mgeni rasmi! Nilidhani simu inakwaruza, nikaianza upya habari yote tangu wingu la kwanza, naye akauliza vilevile, safari hii akiongeza kama chakula cha mchana kitakuwepo. Nikamtumia picha ya mtoto aliyejitwika viatu kichwani, maji yakiwa kiunoni. Akanijibu kwa alama ya dole gumba. Sasa nimwalike kambale aje kukata utepe?

Mjumbe wa Shina: Mleta uzi, nawe umezidi. Juzi ulimpigia saa tano usiku ukitaka aripoti jogoo wa jirani yako.

Kalamu Kavu: Niliwahi kuifanya kazi hiyo. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka tu, wakati nauli ya daladala na bando ni juu yake, kwa hiyo mhariri akiitupa habari, hasara ni yako. Anayeulizia mgeni rasmi anaulizia bahasha, yaani ile posho wanayopewa waandishi kwenye hafla.

Mleta uzi: Sikatai, lakini mgeni rasmi wa mafuriko?

Bi Mkubwa wa Kigogo: Shukuru hakuja. Kwetu alikuja kuripoti taka zilizorundikana, akampiga picha kiongozi aliyesimama mbele yake, na ilipotoka, taka zilikuwa zimekatwa, amebaki kiongozi anatabasamu.

Mzee Chai: Hayo madogo. Mimi nilipeleka redioni tangazo la msiba wa mjomba wangu, wakasoma kwamba marehemu ni mimi, na jioni nilikuta shemeji zangu wameshafunga turubai.

Mjumbe wa Shina: Rambirambi zilifika?

Mzee Chai: Shilingi 40,000, na sirudishi.

Kalamu Kavu: Mzee, hiyo ndiyo habari. Mgeni rasmi ni nani?